Namba Iliyoganda

Mama mdogo alinipigia simu mchana. Yeye analima ng'ambo ya mto, upande wa Ngao. Mimi nilikuwa kazini Garsen, ambako ninatunza ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha kina cha Mto Tana.

"Mwanangu, simu inasema maji hayajapanda, ndiyo maana nimevuka kwa mtumbwi nivune mahindi. Mbona huku naona mto umebadilika rangi?"

Nikautazama ukurasa. Saa ilikuwa ya dakika ileile. Kina kilikuwa kilekile nilichokiona asubuhi.

Saa ilitoka kwenye tovuti yetu wenyewe. Kina kililetwa na skripti, kijiprogramu kidogo ndani ya ukurasa, kutoka tovuti ya watu wengine, wenye kipimo huko juu karibu na Hola. Juzi yake tu tulikuwa tumebadilisha ukurasa uwe unajisasisha wenyewe, watu wasihangaike kuufungua upya. Nikaufunga, nikaufungua. Namba ikaruka juu. Hapo nikaelewa: kila ukurasa ulipojisasisha, kivinjari kiliichukua ile skripti kama maandishi matupu, hakikuiendesha. Vijiji vyote vya chini vilikuwa vikisoma maji ya asubuhi chini ya saa mpya.

"Mama, acha mahindi. Vuka sasa hivi!"

"Limebaki gunia moja tu..."

"Vuka!"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia mwenyekiti wa wakulima atangaze kijijini, kisha nikarudi kwenye kompyuta. Nikaandika upya, kila mara ukurasa uiunde skripti mpya na kuiita toka mwanzo. Na tovuti ile isipojibu, namba ifutike, litokee neno moja jekundu: HATUJUI. Kila baada ya mistari miwili nilipiga simu. Haipatikani. Akilini nilikuwa nikiuona mtumbwi wake umepinduka, na mamba.

Magharibi mama mdogo alinipigia kwa simu ya jirani. Mkondo ulikuwa umemburura hadi kwenye matete, wanaume wakamtoa kwa kamba. Simu yake na mahindi vilikwenda na maji.

"Niko hai," akasema. "Lakini hiyo namba yako siitazami tena."



Siku hizi mvua zikianza, ukurasa unafanya kazi vizuri. Hata hivyo mimi humtafuta mtu aliye kando ya mto, nikamuuliza maji yamefika wapi.