Tundu Lilelile

Ndugu yangu wa tumbo moja, fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Kisigino, alikuwa na miguu myembamba na tumbo gumu lililomtangulia kila aendako. "Hiki si kitambi, ni mtaji," aliwatania wateja. Lakini kila alipoinama kuokota kiatu pumzi ilimkatika, na mwishowe mkewe akamburuta hadi hospitali.

Daktari aliposema kwamba mafuta yale hayakukaa chini ya ngozi, bali yamelizingira ini na matumbo, Kisigino alilishika tumbo lake kwa mikono miwili. Aliandikiwa sindano za peptidi, kipande kifupi cha protini kinachouhimiza mwili kuyayeyusha mafuta hayo ya ndani. Angejidunga mwenyewe kila siku, kwenye ngozi ya tumbo. Muuguzi alipoanza kumfundisha, alimkatiza.

"Mwanangu, sindano na ngozi ndiyo kazi iliyonizeesha. Nipe dawa niende zangu."

Akajidunga kwa bidii. Asubuhi moja mkewe aliingia chumbani akamkuta amepandisha shati, anapapasa kando ya kitovu kwa kidole gumba. Palikuwa na uvimbe mwekundu, mkubwa kama ndimu. Beseni la nguo likamponyoka mama wa watu.

"Baba watoto, hicho nini?"

"Mafuta hayo," alijibu kwa furaha. "Yamejikusanya, yanatafuta pa kutokea."

Mkewe hakubishana. Alinipitia nyumbani, tukampeleka hospitali pamoja. Muuguzi yuleyule alipouona uvimbe aliinama kuukagua.

"Mzee wangu, unachoma wapi?"

"Hapohapo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ngozi haitobolewi ovyo, mwanangu. Uzi mpya hupitia tundu la zamani. Ukiongeza matundu, kiatu kinachanika."

Muuguzi alitafuta kiti, akaketi.

"Mzee, ngozi hii ni yako," alisema polepole. "Iko hai. Pa leo si pa kesho."

Daktari alilipasua jipu, akaisimamisha dawa mpaka kidonda kipone, kisha akatuambia bila kuficha kwamba tungalichelewa kidogo, sumu ya usaha ule ingaliingia kwenye damu. Ndugu yangu alikuwa akienda zake kaburini huku anachekelea, nasi tukimpongeza kwa kushika dawa.

Kidonda kilipofunga, aliruhusiwa kuanza upya. Nilikuwapo nyumbani kwake siku hiyo. Aliishika sindano, akaisogeza upande wa pili wa kitovu, penye ngozi nzima isiyoguswa, na mkono ule uliotoboa ngozi za ng'ombe tangu ujana ukagoma. Akajaribu tena. Jasho likamtoka, mkono ukagoma vilevile.

"Na maneno yote yale," mkewe alisema akimpokonya sindano. "Haya, tazama dirishani."

Akatazama dirishani, macho kayafumba.

"Niambie ukianza, mama watoto."

"Nimeshamaliza."

"Mbona sijasikia kitu?"

"Kwa sababu hukuchoma wewe. Shusha shati, shemeji yangu anataka chai."