Noti Zilizopigwa Pasi

Dobi huyu, ambaye mtaa mzima humwita Bi Pasi, hupokea nguo katika chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akinyonya, na ndiye aliyemfundisha kuanza shati kwenye kola na kumalizia kwenye pindo. Miaka ya karibuni mtoto wa jicho ameyafunga macho ya bibi huyo kwa ukungu. Hospitali ilikwisha kuwapa tarehe ya upasuaji. Kilichokosekana ni malipo.

Jioni moja shangazi aliifumua foronya ya mto wake, akatoa mafungu mawili ya noti yaliyokandamizwa ndani ya sufi.

"Akiba yangu hiyo, mwanangu. Kalipie macho."

Bi Pasi akazitazama, akanyong'onyea. Zilikuwa noti za toleo la zamani, lililokwisha kuondolewa kwenye mzunguko. Shangazi, kwa uoni wake ule, hakuwa amejua kwamba hela zimebadilika sura.

Muuza duka wa jirani alizigeuza mara moja tu. "Mimi hizi sipokei, Bi Pasi. Labda nizitundike ukutani pamoja na kalenda. Jaribu benki kuu, nasikia bado wanabadilisha. Ila wana macho makali wale! Noti ikiwa na kasoro, hawaigusi."

Neno hilo la kasoro ndilo lililomponza. Kwa dobi, kasoro ni mkunjo. Usiku huo akazilowesha kidogo noti za fungu la kwanza, akazipaka wanga, akazipiga pasi kwa moto wa nguo za pamba mpaka zikasimama kama kola. Kabla hajaligusa fungu la pili, umeme ukakatika.

Asubuhi alitaka kuliacha nyumbani fungu hilo.

"Zimejikunja kama matumbo, shangazi. Nitaona aibu."

"Aibu ya nini? Unakwenda kuposwa? Tia mfukoni, twende."

Benki, karani wa dirishani aliinua noti ya kwanza kwenye mwanga, akaikunja, akaisikiliza inavyolia.

"Mama, hizi umezifanya nini?"

"Nimezinyoosha."

"Kwa pasi?"

"Kwa pasi, na wanga kidogo."

Karani akashusha pumzi. "Uzi wa usalama umeyeyuka, tazama. Noti kuwa ya zamani si tatizo, tunabadilisha kila siku. Tatizo ni noti iliyopoteza alama zake. Hizi zote zitakwenda kukaguliwa, na huko siwezi kukuahidi kitu. Huna nyingine?"

Bi Pasi akalitoa fungu la pili bila kuinua uso. Karani akazikunjua moja moja, akazihesabu, akamlipa kwa noti mpya. Kwa zile nyingine akamwandikia stakabadhi.

Shangazi alikuwa akisubiri kwenye benchi karibu na mlango. Bi Pasi akaketi kando yake, akamweleza yote, hata habari ya wanga.

"Zimetosha nini?" akauliza shangazi.

"Jicho moja."

"Basi na liwe moja. Hilo jingine nitakuwa nawakonyezea wazee wenzangu."

"Nisamehe, shangazi."

"Nyanyuka, tuwahi foleni ya hospitali. Na hela hizo nipe nizishike mimi."

Jicho la kushoto lilipasuliwa wiki hiyohiyo, likapona vizuri. La kulia bado linasubiri majibu ya ukaguzi.