Nilivyomfuata Mkwe Wangu Hadi Woodley

Nilikwenda Nairobi kwa sababu ya barua. Ilitoka kwa Zablon, mume wa binti yangu Rispa, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba ya wazungu huko Woodley. Aliandika kwamba Rispa ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na kila siku anauliza mama yake atafika lini. Watoto wake wawili wa kwanza tulikuwa tumewazika, wa pili akiwa na siku nne tu. Niliikunja ile barua nikaanza kutafuta kikapu.

Majirani walinikataza. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na habari za Nairobi zilizotufikia huku Maragoli zilikuwa za bunduki na kukamatwa. "Keziah, mjane kama wewe unaenda kutafuta nini huko?" waliniuliza. Niliogopa, sitadanganya. Jumapili nilisimama kanisani nikaomba niombewe. Mzee wa kanisa akaniandikia barua ya kunitambulisha, akaigonga muhuri, kisha akafumba macho akasema, "Mungu akutangulie." Hiyo ndiyo sala yetu ya kumuaga msafiri.

Katika stesheni ya Luanda nilipanda treni, na Kisumu nikabadilisha. Nilikaa kwenye benchi la mbao, kikapu cha unga wa wimbi magotini, nikaomba mpaka usingizi ukanichukua. Asubuhi tulikuwa Limuru, na baridi yake ilinifanya nijute kuacha blanketi nyumbani.

Nairobi, saa tatu asubuhi. Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu mama mkwe hampi mkono mume wa binti yake, hamtazami usoni, wala haingii chumba anacholala. Tuliokoka, lakini adabu hiyo hatukuiacha. Basi Zablon alinisalimia kutoka hatua kumi huku akitazama paa la stesheni, nami nikamjibu huku nikitazama kikapu.

"Mama, fuata mimi tu," akasema, akatangulia.

Nilimfuata kwa kutazama visigino vyake. Alivaa raba nyeupe, safi kabisa. Mkokoteni ukapita kati yetu, ulipoondoka nikaziona tena raba nyeupe, nikaendelea nazo. Tulipita maduka, tukakata kona, tukavuka barabara mbili. Nilijisifu moyoni kwamba mkwe wangu anatembea kwa heshima, hageuki hata kidogo. Raba zikasimama kwenye mlango wa nyuma wa hoteli. Mwenyewe akageuka, mtu mzima mwenye pengo.

"Mama, kwa nini unafuata mimi? Hapa ni jikoni ya hoteli!"

Nani angeniambia kwamba wapishi wote wa Nairobi wanavaa raba nyeupe?

Nilirudi nilikotoka, na kwenye kona nikakutana na askari wawili wakipandisha watu kwenye lori lenye wavu. Mmoja akaninyooshea mkono. "Pasi iko wapi?" Nikampa barua ya mzee wa kanisa. Akaisoma polepole. "Hii ni ya kanisa. Panda lori." Nilimfikiria Rispa akijifungua peke yake, nami nimefungiwa nisikokujua. Nilijiona nimetanguliwa kisha nimeachwa. Nikasema kwa sauti, "Bwana, si leo."

Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya ngazi ya lori niliposikia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Afande! Huyo ni mama ya bibi yangu! Mimi hapa, cheti yangu ya kazi hii!"

"Kama ni mama mkwe yako," askari akapiga kelele naye, "kwa nini unasimama mbali hivyo?"

"Ndiyo maana nasimama mbali!"

Yule askari wa pili, mnene, akaanza kucheka mpaka bunduki ikatikisika. Kwa lafudhi yake nilijua anatoka upande wetu. "Ni kweli hiyo," akamwambia mwenzake. "Hata mimi, wa kwangu hajaona uso yangu tangu nioe. Shuka, mama. Na wewe kijana, tembea polepole."

Woodley, mchana. Zablon na Rispa walikuwa na chumba kimoja tu nyuma ya nyumba ya mzungu, tajiri wa Zablon. Rispa alinipokea nje akilia, nami nikalia. Kulala kwangu kulikuwa kwa Mama Ndunge, mke wa tarishi, katika chumba cha jirani. Yeye ni wa Machakos. "Hata kwetu iko hivyo," akasema. "Lala hapa, mama. Kitanda iko, Mungu yuko." Kwa wiki mbili nilimkanda Rispa miguu huko kwa Mama Ndunge, na kizingiti cha Zablon sikukivuka.

Jumatano ya wiki ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mvua kubwa ilinyesha na uchungu ukamshika Rispa ghafla chumbani mwake. Mama Ndunge akaniita. Nilifika mlangoni nikaganda. Binti yangu ananililia, na mguu umekataa! Zablon akaja mbio na aproni yake. Akaingia, akatoa koti, kofia na viatu vyake, akaviweka chini ya mchirizi wa paa.

"Mama," akasema akiwa amenipa mgongo, "vitu zangu nimetoa. Leo hii si nyumba yangu. Ni ya Rispa."

Nikaingia. Kabla mvua haijaisha, msichana alizaliwa, akalia kwa hasira. Siku ya nne, siku iliyotunyang'anya yule wa pili, sikula wala sikumtua chini. Siku ya tano asubuhi aliamka akanyonya, nami nikacheza uani mpaka mbwa wa tajiri wakanibwekea. Tulimwita Neema.

Siku ya kurudi, baada ya mwezi, Zablon alisema kutoka mbali, "Mama, leo tangulia wewe. Mimi nitakuwa nyuma." Tuliposhuka basi mjini akanipa utaratibu: kona ya kushoto atakohoa mara moja, ya kulia mara mbili. Nilipita katikati ya Nairobi yote, askari na malori yao, na sikugeuka hata mara moja. Nilimsikia tu, hadi mlango wa treni.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kanisani. Niliwaambia kwamba pale kwenye lori nilidhani Mungu ametangulia akanipotea, kumbe alikuwa ng'ambo ya barabara ananitafuta. Tangu hapo, wenzangu wakimuaga msafiri huomba Mungu amtangulie. Mimi huitikia amina, kisha huongeza kwa sauti ya chini: na nyuma yake pia, Bwana, ukohoe asikie.