Watoto: Hakuna

Nimezaliwa Lorugum, lakini nimekulia Kakuma, ambako mama alikuwa akiwauzia wakimbizi makaa. Kiarabu cha Juba nilikiokota kwa watoto wa wateja wake, na sasa ndicho kinachonilisha. Mimi ni mkalimani.

Mwaka juzi, vita vilipokuwa vimewaka tena Sudan, mteja mmoja wa zamani wa mama, mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu sokoni, aliniomba nimsindikize kwenye ofisi inayotafuta jamaa waliopoteana. Alikuwa na karatasi moja tu, Kiarabu upande huu, Kiingereza upande wa pili, yenye mhuri wa serikali ya Sudan ya wakati wa vita vile vya zamani kati ya kaskazini na kusini.

"Nisomee," aliniambia. "Sijawahi kujua inasema nini."

Nikasoma. Ilisema kwamba alitekwa nyara na watu wasiojulikana, akaishi na familia iliyomtunza, na kwamba kamati ya serikali imemrudisha kwao. Chini yake: Watoto: hakuna.

Akaniambia yaliyotokea. Alikuwa bado hajaota matiti wapanda farasi walipochoma kijiji chao. Alifungwa kamba pamoja na wasichana wengine, akatembezwa siku nyingi. Mwanamume aliyemnunua alimpa jina jingine na kumlaza zizini na mbuzi. Alichota maji, alisaga mtama, alichunga, na watoto wa nyumba ile walimwita *abid*, mtumwa. Alipopevuka, yule mwanamume akamzalisha binti.

Kisha serikali ile ile iliyowapa wapanda farasi bunduki ikaunda kamati. Watu wa nje walikuwa wameishikia bango, nayo ikataka kuonekana inatenda. Lori likaja. Ofisa wa kamati aliketi mkekani na mwenye nyumba, wakanywa chai, wakacheka. Kisha akamwambia mama wa mtoto apande.

"Na mtoto wangu?"

"Mtoto ni wa baba yake."

Binti alikuwa ameanza tu kutembea. Walimng'oa mgongoni mwa mama yake.

Nimetafsiri mengi Kakuma, lakini siku ile nilishikwa na hasira. Mtu aliyemnunua alikunywa chai yake na hakuulizwa kitu. Wale wapanda farasi wakawa "wasiojulikana". Walimfungua mama na kumfuta mtoto kwa kalamu ile ile, kisha wakaita hiyo huruma.

Kwenye mahojiano, afisa wa ile ofisi ya kutafuta jamaa alikuwa kijana mpole mwenye tai. Aliipitia karatasi mara mbili.

"Madam, hapa imeandikwa huna mtoto. Tunatafutaje mtoto ambaye hayupo?"

Mama yule akajibu kirefu, nami nikatafsiri. Nilipofika kwenye neno mtumwa, afisa aliinua mkono.

"Tuandike alitekwa nyara. Ndilo neno lililo kwenye fomu."

"Hajasema hivyo."

"Wewe ni mkalimani. Tafsiri tu."

"Ndiyo natafsiri!" Sauti ilinitoka hadi watu wa foleni wakageuka. "Amesema mtumwa. Aliyetekwa nyara huzalishwa na kufanyishwa kazi miaka yote hiyo, kisha hunyang'anywa mtoto? Andika alichosema!"

Mama yule alinishika goti. Afisa, uso umemshuka, alisema hawezi kupinga hati ya serikali kwa maneno matupu. Alihitaji hati ya kiapo kutoka kwa wakili.

Basi tukaenda Lodwar. Karani wa wakili, mama wa Kiturkana wa makamo, alitusalimu kwa "ejok", akatupa maji, akaanza kuchapa nilichokuwa nikitafsiri. Alipofika kwenye mtoto kung'olewa mgongoni aliacha kuchapa. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaendelea.

"Jina la mtoto?" aliuliza mwishoni.

Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia mama yule akilitamka. Alilitaja polepole, mara tatu, ili liandikwe sawa. Akaomba nimsomee yote. Nilipofika kwenye mtumwa alisema, "Hapo soma tena." Nikasoma tena. Ndipo akapaka kidole wino.

Afisa alikipokea kiapo. Mbele yetu aliandika kwenye faili mpya: mtoto mmoja, wa kike. Aliniomba msamaha, nami nilimwitikia, ingawa si yeye niliyekuwa nikimkasirikia zaidi.

Binti hajapatikana. Sehemu alikoachwa sasa inapigwa mabomu, na huenda naye amekimbia na watoto wake mwenyewe. Mama yake amejifunza Kiswahili cha kutosha kwenda ofisini bila mimi. Kila Ijumaa hufunga samaki wake mapema, huingia, husimama mbele ya meza, na kusema, "Nimekuja kuuliza mtoto wangu."