Klachi ya Laki Saba

Marehemu mume wangu aliniachia pikapu na rafiki mmoja. Rafiki huyo ana gereji hapa Nyamisangura, nyuma ya maduka. Walikuwa saro moja, yaani walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu Issenye mambo ya rika yapo, lakini mimi sikuwahi kuona uzito wake mpaka nilipoolewa huku Tarime. Mtu wa saro ya mumeo anakuita mke wetu, anakutania mbele za watu, anakula kwako bila kualikwa, na ukiwa na shida kwenye kazi anayoijua, anakufanyia. Kumuuliza bei kabla ya kazi ni kama kumwambia, kwani wewe ni nani?

Kwa hiyo sikuuliza.

Klachi ilianza kuteleza Gorong'a, kwenye kilima, nimepakia mahindi. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halipandi. Ikaja harufu ya kuungua. Mume wangu ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kila siku alikuwa anagomba, "Toa mguu kwenye klachi, unaipika!" Nilipoisikia ile harufu nilibaki nimekaa tu kwenye usukani, namsubiri agombe. Sijui nilikaa muda gani. Ndipo nikampigia yule rafiki yake, ambaye mimi namwita shemeji.

"Shemeji, gari limegoma Gorong'a."

"Limegoma, au umeligomesha? Usishuke, mke wetu. Nakuja."

Alikuja mwenyewe, na mvua inanyesha, akanivuta mpaka mjini. Hilo naliandika kabla ya mengine nisije nikamwonea.

Gari lilikaa gereji siku kadhaa. Kila jioni nilikwenda, nikiwaambia majirani naenda kuliangalia. Ukweli nilikuwa nafuata maneno. Mimi nilimkuta mume wangu ameshakuwa mtu mzima, ametulia. Ujana wake wote anao huyu shemeji. Analala chini ya giaboksi, unaona miguu tu, na sauti inatoka huko chini:

"Alikuambia alivyolala juu ya mti?"

"Mti gani?"

"Haa, hakukuambia! Tunarudi kutoka malishoni, giza limeingia, kitu kikachakarisha majani. Yeye huyo, juu! Anapiga kelele, fisi, fisi! Kumbe ndama wa baba yake. Tukamwambia shuka, ni ndama. Akakataa. Anasema huyo fisi amejigeuza. Tukamwacha hukohuko mpaka asubuhi."

Nilicheka mpaka nikaegemea bodi ya gari. Miaka yote niliyoishi na mtu yule, hakuwahi kuniambia. Nimeishia darasa la saba na sijui kama naweza kulieleza hili vizuri. Mtu akifa unadhani umebaki na kile alichokuachia, basi, hakiongezeki tena. Cha kwangu kilikuwa kinaongezeka, pale kwenye oili chafu. Kila jioni nilirudi nyumbani na kipande chake ambacho asubuhi sikuwa nacho.

Gari likapona. Shemeji akataja laki saba, seti mpya pamoja na ufundi. Nilitoa hela ya mahindi, haikutosha, nikaongeza niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya macho ya mama yangu.

Baada ya wiki chache nilikuwa naenda kwa mama Issenye, nikasimama Mugumu kununua balbu ya taa. Mwenye duka la spea ni mzee wa kofia ya kufuma, mpole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamuuliza, basi tu kwa mazungumzo, klachi ya gari kama hili ni shilingi ngapi.

"Seti nzima? Laki tatu."

"Mpya, mzee?"

"Mpya, mama, kwenye boksi lake."

"Na ufundi?"

"Fundi akikupiga sana, laki moja."

Niliwasha gari likazima. Nikawasha tena. Nilipofika, mama alinipapasa uso kwanza ndipo akanijua.

Usiku ule nilimhesabia shemeji haki yake yote. Mafuta ya kunivuta. Mvua. Vijana wake wawili. Pengine spea Tarime ni ghali kuliko Mugumu. Hata nilipoongeza chai aliyoninunulia, bado haikufika laki saba.

Niliporudi nilikwenda gereji moja kwa moja.

"Mke wetu! Linalia tena?"

"Halilii. Shemeji, nimeulizia bei Mugumu."

Aliweka spana chini.

"Umeulizia."

"Nimeulizia."

"Kwa hiyo mimi mwizi."

"Sijasema hivyo. Hela nyingine ilikuwa ya macho ya mama."

"Ungeniambia ni ya mama."

"Na wewe ungeniambia bei."

Mafundi wake wakajifanya wanatafuta nati. Akaingia ndani, akatoka na laki mbili na nusu, akanihesabia noti mojamoja mbele yao, kama mimi ni mteja wa kupita tu aliyeharibikiwa njiani. Nilipokea. Ningefanyaje? Mama alikuwa ananijua kwa vidole.

Sasa mama ametibiwa, anaona kwa jicho moja, na linamtosha kunisema kwamba nimekonda.

Nikiwa njiani kurudi kutoka hospitali ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye msiba wa mume wangu shemeji yule alileta dume la ng'ombe, akalifunga uani, akaenda kukaa na wenzake. Hakuna aliyemuuliza amelinunua kwa kiasi gani. Labda hesabu yao huenda hivyo, huku inazidi, kule inapungua, na mimi wa kuja niliikata katikati. Au labda alinipiga tu, kwa sababu nilikuwa mjane na sikuuliza. Nimeyapima yote mawili mara nyingi na siwezi kuapa kwa lolote.

Gari bado nalipeleka kwake. Juzi lilikuwa na shida ya breki. Nilikaa kwenye benchi, yeye yuko chini. Nilikuwa nimepanga swali tangu nyumbani.

"Shemeji, hivi marehemu alikuwa anajua kuogelea? Mlipokuwa mnavusha ng'ombe mtoni?"

Chuma kiligonga chuma.

"Breki ni elfu arobaini," akasema kutoka chini. "Spea utanunua mwenyewe, mama."

Nilikwenda kununua spea. Nikaulizia na ufundi pia, maduka mawili. Elfu arobaini ni bei ya haki.