Mama Hatazami Kikombe

Katika picha za Waholanzi wa kale, mwanamke aliye nyumbani kwake hutazama kazi yake. Anayemenya tufaha anatazama kisu. Anayemtafuta mtoto chawa anatazama utosi. Anayemimina maziwa, yule mwenye aproni ya buluu na mikono minene ya kazi, anautazama uzi mweupe unaotoka kwenye mtungi kana kwamba akiinua macho utakatika.

Niliwajua wanawake hawa katika kitabu kikubwa kisicho na jalada, kilichonunuliwa na mwenzetu mmoja kwa wauza vitabu vikuukuu mjini Mbarara. Kundi letu la waandishi vijana lilikutana Jumamosi katika chumba kimoja kule Kamukuzi, sote tukiamini tumezaliwa kuandika, na kitabu kilipita mkono kwa mkono mpaka kikaanza kuachia kurasa. Ukurasa wa mwanamke wa maziwa niliuchukua mimi. Nilimpelekea Mama kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, naye akaubandika ukutani kwa uji wa muhogo, juu ya meza anapopanga vikombe. Mama huuza chai na maandazi mlangoni kwetu, upande wa makazi uitwao Rubondo, tangu tulipokimbia Kivu, Kongo.

Siku ile aliusogeza ukurasa karibu sana na uso wake. “Huyu mama anamwanga pole pole,” alisema; kwetu Kivu kumwanga ni kumimina. “Maziwa ni kidogo, na wageni ni bengi.”

Nilicheka. Sikujiuliza kwa nini aliusogeza karibu vile.

Riwaya yangu ya kwanza ina sura kuhusu yeye. Niliandika kwamba mama yangu hatazami kikombe. Anamimina chai huku uso ameuinua mlangoni, anasalimia, anatania, na chai yenyewe inakijua kikombe. Niliandika kwamba wale Waholanzi walifungwa kwenye kazi zao, videvu chini, lakini wangu alikuwa huru. Niliipenda sura ile kupita zote. Niliisoma Kamukuzi, nao wakapiga makofi. Isipokuwa mmoja, msichana aliyelelewa kati ya ng'ombe wa baba yake huko Kakiika, mkali kuliko sote.

“Sentensi ni mzuri,” alisema kwa Kiswahili chake cha Mbarara. “Lakini, banange, huyo maama anaona?”

Wakamcheka. “Hiyo ni sitiari,” mwingine akamtania. “Wewe wa ng'ombe utaijulia wapi?”

“Sitiari mimi sijui. Kumimina najua. Maziwa baridi tu, macho inaenda yenyewe kwa chombo. Na hii ni chai ya moto! Sasa kama hatazami, anajua namna gani kikombe imejaa?”

Jibu lilikuwa kwenye karatasi niliyoishika. Nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba anapomimina huning'iniza kidole cha shahada ndani ya ukingo wa kikombe, kama mtu anayemshika mtoto asianguke. Nilidhani ni upole.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Nakivale. Njia nzima, kila kumbukumbu nzuri ilinigeukia. Mawe aliyoyaacha kwenye maharage. “Niwekee uzi kwenye sindano, macho yako ni ya shule.” Jinsi alivyoanza kunisalimia baada tu ya mimi kupiga hodi, si kabla. Mbona nilikuwa na maneno mengi hivyo kuhusu uso wake, na sikuwahi kuuliza uso huo unatazama nini?

Safari hii sikupiga hodi. Nilisimama mlangoni kimya kama wachoraji wale, ambao katika picha zao zote sijaona hata mmoja aliyebisha hodi. Mama alikuwa anammiminia chai jirani yetu, mama wa Kirundi. Kidole kiliingia ndani ya kikombe, chai ikakigusa, akakitoa upesi na kukilamba. Kisha akageukia mwanga wa mlangoni, akanitabasamia.

“Karibu, papa,” akasema, kama anavyowaita wateja wanaume. “Chai iko moto.”

Jirani aliangua kicheko. “We mama! Papa gani? Huyu si binti yako?”

“Sijue mutoto yangu?” Mama alidakia. “Si amevaa pantalo, suruali ya banaume? Ninamuchekesha.”

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, huku nimeshika mwimo wa mlango.

Jirani alipoondoka niliuchukua mkono wa Mama. Ncha ya kidole ilikuwa ngumu na nyeupe, imeungua juu ya kuungua.

“Mama, yule mwanamke ukutani, aproni yake ni ya rangi gani?”

Hakugeuka. “Ya majani.”

“Ni buluu, Mama.”

“Basi itakuwa jua imeichakaza.” Akangoja nicheke. Sikucheka. “Nilikuwa ninaona ya kunitosha,” akasema, kwa sauti ndogo.

“Juu ya nini haukuniambia?”

“Ungerudia huku, ukae hapa kumwanga chai. Kitabu yako nani angeiandika?” Kisha, akijaribu tena utani, “Na kule Mbarara banasema banatoshaka jicho inje, banaosha, banarudisha. Kama banasahau kurudisha?”

Alikuwa anacheka, lakini vidole vyake vilikuwa vimeubana mkono wangu mpaka ukauma.

Kwenye kliniki ya macho Mbarara walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wangempasua, wakianza na la kulia. Waliposhusha pazia nikabaki kwenye benchi. Mama alikuwa na mwanga mdogo, wa kumtosha, na mimi ndiye niliyembembeleza aulete hapa. Kama angetoka bila hata huo? Nilimfikiria mwanamke wa maziwa. Mchoraji alimwacha pale pale, maziwa hayajajaa, na hakuna anayejua kama uzeeni aliuona mtungi wake au aliupapasa. Nilimwonea wivu. Yeye alisimamishwa kabla ya habari yoyote kufika.

Kesho yake walimtoa bandeji. Muuguzi alimwonyesha vidole, Mama akavitaja sawasawa. Lakini akawa anakunja uso tu, mpaka hofu yangu ikaanza upya. Tulipewa masharti: asiiname, maji yasiingie jichoni, na moshi asiusogelee. Mwanamke wa chai, asiusogelee moshi!

Nyumbani alikwenda moja kwa moja ukutani. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja. “Hii ya zamani inaona majani.” Akafunika la kushoto. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, nikafikiri jipya halioni rangi.

“Buluu,” akasema. “Buluu sawa ziwa yetu ya Kivu.”

Kisha akatazama mezani.

“Na hivi vikombe! Nani aliviosha? Batu banakunywaka mu hii uchafu, na bananyamaza?”

“Wewe ndiye uliyeviosha, Mama.”

“Haya, leta beseni.” Akaanza kuinama.

“Usiiname!” nilipiga kelele, naye akasimama wima kama askari, halafu tukacheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Yeye ndiye aliyetuchemshia chai siku hizo, kwake, mbali na jicho la Mama. Alituletea birika, na Mama akasema hapana, atamimina mwenyewe.

Alishika birika. Kidevu chake kilishuka, macho yakashuka, nami kwa mara ya kwanza nikamwona mama yangu akitazama kazi yake. Chai ikaanza kutiririka. Kidole chenye kovu kikapanda polepole, kikaingia ndani ya ukingo.

“Mama, ondoa kidole. Si unaona?”

“Ninaona,” alisema, bila kuniangalia. “Ngoja kwanza. Kidole bado haiamini.”