Nyama ya Kugandisha Niliyoipeleka Ukweni

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Myamba, mwanangu, nimesimama jikoni kwa mama nikilitazama bakuli kwa majivuno. Nimeikumbuka kwa sababu siku hizi nawaona mkitafuta vitabu vya mapishi vya zamani, mnapika vyakula vya ajabu na kuvipiga picha. Si vibaya. Mimi nilifanya hivyo kabla simu hazijaja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kitabu kikuukuu cha mapishi ya Kizungu. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya nyama iliyogandishwa kwa mchuzi wa kwato za ng'ombe, imesimama kama kofia, mayai na karoti vikionekana ndani yake. Nikaamua kuipika na kuipeleka Ndungu, siku tuliyokwenda na baba mdogo kusikia jibu la posa yangu. Wazazi wa binti walishakubali. Aliyesita ni bibi yake, maana alisikia kwamba shule imenifanya nijisikie.

Mama alikuwa amepika makande ya mahindi na maharage ya kupeleka. Nikamwambia, "Hayo yaache, mama, utanitia aibu." Akafunika chungu. Nimekuwa mzee sasa, na neno hilo bado linanichoma.

Nyama yangu ilikuwa imeganda vizuri. Ukiigusa, inatetemeka yote. Sikufikiria kwamba ni baridi ya milimani iliyoishika. Tukateremka kuelekea kwenye mashamba ya mpunga, jua likapanda, na nilipofunua bakuli mbele ya wakwe, mayai yalikuwa yanaelea.

Bibi akachungulia. "Mwalimu," akaniita kwa kejeli, maana sikuwa mwalimu, "umetuletea maji ya kuoshea vyombo?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni: kwamba chakula hiki huliwa hivyohivyo, ila wao hawakijui. Kisha nikamwona binti mlangoni, ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanamcheza kwa kicheko. Nikashindwa kuutamka.

"Nimekosea, bibi," nikasema. "Kule kwetu iliganda. Nilitaka mnione msomi."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ni supu ya makongoro tu. Leteni sufuria."

Ikachemshwa upya kwa chumvi na tangawizi, tukanywa supu. Kila jirani aliyeingia alisimuliwa, nami nikacheka pamoja nao. Bibi alipomaliza kikombe chake, akamgeukia baba mdogo. "Niliogopa kumpa mjukuu wangu mtu asiyechekwa. Huyu anachekwa vizuri. Nimekubali."

Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Tuliporudi nilimweleza mama yote na kumwomba radhi. Alinisamehe, akaniuliza tu kama makande nayo yangeyeyuka.

Basi, mwanangu, pika lolote unalolikuta kitabuni, lakini lijaribu kwanza nyumbani, na usisukume pembeni chungu cha mama yako ili chako kionekane. Likiharibika, sema limeharibika. Uongo wangu ungeninyima mke niliyezeeka naye, na nilikaribia sana kuutamka.

Mungu aubariki moto wa jiko lako, na akupe wakwe wanaopenda kucheka.